Nani Jirani Yangu? Tafakari juu ya Ukoo, Ujirani na Rika katika Historia ya Kanisa Kilimanjaro

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha somo la historia ya Kanisa, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nililikwepa. Tulikuwa tukizungumza habari za mmisionari Bruno Gutmann, nami nilikuwa nimetumia kipindi kizima kueleza jinsi alivyouthamini ukoo na ujirani wa Wachagga, na jinsi alivyotaka usharika ujengwe juu ya misingi hiyo. Nilikuwa nimesema kwa furaha, maana mimi mwenyewe ni mtoto wa mlima ule, na si mara nyingi mtu husikia mila za kwao zikisifiwa katika vitabu vya Wazungu wa wakati ule. Mwanafunzi yule alitoka Ngara. Alisimama akasema kwamba alipokuwa mtoto wa shule ya msingi, mwaka 1994, aliwaona watu waliovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na kwamba nyumbani kwao alifikia mama mmoja aliyeeleza kuwa waliomwua mume wake walikuwa majirani, watu waliojua majina ya watoto wake na mlango wa nyuma wa nyumba yake. Kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, mtu kama huyo tumwambie kwamba ujirani ni zawadi ya Mungu?"

Nilijibu kuwa swali ni zuri na kwamba tungelizungumza kipindi kinachofuata. Kipindi kilichofuata tulianza habari za Vita Kuu ya Kwanza. Makala haya ni jibu lililochelewa, nami nayaandika nikijua kwamba mwulizaji amekwisha kubarikiwa uchungaji, na huenda amelijibu swali lake mwenyewe vizuri kuliko mwalimu wake.

Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876. Alitumwa na Misioni ya Leipzig, akafika Kilimanjaro mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1910 makao yake yalikuwa Kidia, katika Old Moshi, na ukiacha miaka ile ya baada ya vita alipolazimika kurudi kwao, alikaa huko hadi mwaka 1938. Alifariki mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 90. Aliandika sana, wakati mwingine nadhani aliandika kupita kiasi. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926, kina kurasa zaidi ya 700. Mafundisho waliyopewa vijana wakati wa kuingizwa katika utu uzima, aliyoyakusanya kutoka kwa wazee, yalichapishwa katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Vyuo vikuu vya Erlangen na Würzburg vilimpa shahada za heshima. Kijerumani chake ni kigumu hata kwa Wajerumani wenyewe, na labda hiyo ndiyo sababu watu wengi zaidi wamemsifu au kumlaumu kuliko waliomsoma.

Wazo lake kuu si gumu. Alisema kuwa binadamu hazaliwi peke yake kisha akachagua kuishi na wenzake, bali huzaliwa akiwa tayari amefungwa na wengine. Vifungo hivyo vya asili ni vitatu: ukoo, ujirani na rika. Mtu ni kiungo kabla hajawa mtu wa peke yake. Kwa maoni ya Gutmann vifungo hivi havikubuniwa na wanadamu. Mungu mwenyewe aliviweka katika uumbaji, na kwa hiyo Injili haiji kuvikata bali kuvisafisha na kuvijaza. Mmisionari anayemtoa mtu mmoja mmoja katika ukoo wake ili amwokoe, alisema, humwokoa mtu aliyekwisha kumlemaza. Tukumbuke kwamba wamisionari wengi wa siku zake waliona ukoo kuwa ndio ngome ya upagani, na wengine waliwatenga waongofu wao katika vijiji vya misioni. Katika kundi hilo Gutmann alikuwa mtu wa pekee.

Ili msomaji asiyetoka Kilimanjaro aelewe uzito wa neno ujirani katika mlima ule, inafaa nieleze kidogo habari za mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji. Wasafiri wa Kizungu waliofika mlimani katika karne ya 19 waliustaajabia, na hata leo mgeni huustaajabia, kwa sababu maji huonekana kana kwamba yanapanda. Hayapandi, bila shaka. Huchukuliwa juu sana, karibu na msitu, mahali mto ulipo bado katika korongo, kisha huongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, uliopimwa kwa macho na watu wasiokuwa na chombo chochote cha upimaji, hata yafike juu ya vihamba. Kutoka hapo hugawanywa kwa zamu. Huyu humwagilia migomba yake asubuhi, yule jioni, na maji ya usiku hukusanywa katika bwawa dogo ili yasipotee.

Mfongo ulichimbwa na ukoo fulani chini ya mkubwa wake, na ukoo huo hukumbukwa kwa kazi hiyo hata leo. Lakini hakuna mfongo unaopita katika ardhi ya ukoo mmoja tu. Lazima upite kwa watu wengine, na hao wasipokubali, au wakikubali leo na kesho mmoja akatoboa ukingo, kazi yote ni bure. Kwa hiyo zamani baragumu ilipolia watu walitoka kwa msaragambo kusafisha na kuziba, na asiyetokea alitozwa pombe au mbuzi. Baba yangu mzazi alikuwa akisema kwamba alijifunza kuhesabu kwenye mfongo kabla hajaingia shule, maana mtoto aliyekosea kuhesabu zamu alirudi nyumbani na kiboko. Nikiwa kijana niliona kazi ya mfongo kuwa adhabu. Siku hizi bomba limefika kwetu, mifongo mingi imekauka au imeachwa, nami naona kwamba tulipata maji tukapoteza mkutano. Sisemi kwamba turudi nyuma. Mama zetu waliochota maji hayo ya wazi waliyajua magonjwa yake.

Gutmann aliuona mfongo, akaelewa kwamba hapa pana zaidi ya kilimo. Katika usharika wake aliwapa wazee wa mitaa wajibu halisi. Ugomvi ulitakiwa kusikilizwa kwanza na majirani kabla haujafika kwa mchungaji. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo, kwa mfano wa vijana walioshika ngao pamoja, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake hata baada ya kumaliza mafundisho. Jumuiya zetu za leo zinazokutana nyumba kwa nyumba zina wazazi wengi, na si haki kumfanya Gutmann kuwa baba wa kila kitu. Hata hivyo mtu aliyehudhuria jumuiya alfajiri, kisha akaona watu wale wale wakibeba viti kwenda kwenye msiba wa mtu ambaye hata hakuwa Mlutheri, anajua kwamba Gutmann aligusa jambo la kweli.

Hapo ndipo nilipoishia darasani. Ningalipaswa kuendelea, kwa sababu Old Moshi ina historia nyingine ambayo vitabu vyangu viliiweka katika sura tofauti.

Tarehe 2 Machi 1900, miaka miwili kabla Gutmann hajafika, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi hadharani, mahali paitwapo Tsudunyi, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Kituo cha misioni cha Kidia kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1896. Kwa hiyo wakati huo Injili ilikuwa imekwisha kufika huko, na kengele ya kanisa na kamba ya mnyongaji vilikuwa vya taifa moja. Simulizi za wenyeji husema kwamba kichwa cha Mangi kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekidai kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba uchunguzi wa vinasaba umewatambua jamaa walio hai wa watu watatu ambao mafuvu yao yalichukuliwa kutoka kwetu enzi hizo. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikuwamo.

Nikiutazama ukweli huu kandokando ya vitabu vya Gutmann, napata taabu. Mtu huyu aliogopa sana mambo ambayo yangevunja vifungo vya watu: fedha, kazi ya kibarua, mji, kiwanda. Alikuwa ameiona Dresden ikikua na watu wa mashambani wakimiminika humo wasijuane. Alitaka kuwakinga Wachagga na balaa hilo. Lakini kilichotangulia kuvunja vifungo vya Old Moshi hakikuwa kiwanda. Kilikuwa ni mti wa kunyongea, na kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, iliyowalazimisha watu kuitafuta fedha ambayo Gutmann aliwaonya wasiipende. Ukoo uliweza kuulinda mfongo usibomoke, lakini haukuweza kumlinda Mangi wake. Anayefundisha habari za ujirani akiwa chini ya bendera iliyofanya hayo, anakuwa jirani wa nani? Hili si swali la kumhukumu marehemu. Kila mwalimu wa dini hufundisha akiwa chini ya bendera fulani, nami pia.

Tena kuna jambo la pili ambalo mwalimu mpenda mila hulisahau kwa urahisi. Wachagga hawakuwa watu wa kuandikwa tu. Walikuwa watu wa kufikiri. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa mwaka 1920, ibada na shule hazikufa. Walimu na wazee walizishika, wengi bila mshahara wa kutegemewa, na ndugu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia walilikuta Kanisa liko hai. Miongoni mwa Wakristo hao walikuwapo waliotaka mila ya tohara na mafundisho yake yaachwe kabisa, hali Gutmann alipenda yale aliyoyaona mema ndani yake yatunzwe. Msomaji wa leo huenda akashangaa kuona Mzungu akitetea mila na Mwafrika akiikataa, lakini ndivyo ilivyokuwa, na katika habari ya tohara ya wasichana nasema bila kusitasita kwamba waliokataa ndio walioona mbele. Jambo haliwi takatifu kwa kuwa ni la kale.

Wakati huo huo watu walikuwa wakipanda kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, Mkristo wa Old Moshi. Chama hicho kilipata misukosuko, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Mimi huutazama ushirika huo kama ujirani wa aina mpya, ujirani ulioandikwa katika daftari, uliowaunganisha watu wa Machame, Marangu na Rombo ambao babu zao walipigana. Hakuna baragumu iliyouitisha, wala haukupatikana kwa kuzaliwa. Watu waliuchagua kwa sababu walikuwa wamefikiri juu ya bei ya kahawa na juu ya wale waliokuwa wakiinunua. Mwaka 1934 waliwekewa mikono wachungaji Waafrika wa kwanza wa kaskazini. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyozidi kumi watu wale wale waliokuwa wakielezwa vitabuni kama viungo vya ukoo walikuwa wamejipatia chama na wachungaji wao wenyewe. Nadhani Gutmann alilipenda zaidi la pili.

Sasa tuhamie Ujerumani, maana mwaka huo huo wa 1934 mambo mengine yalikuwa yakitendeka huko, na hayako mbali na hoja yetu. Hitler alikuwa ametwaa madaraka mwaka 1933. Mwezi Mei 1934 wawakilishi wa makanisa walikutana Barmen, wakatamka kwamba Kanisa lina Neno moja tu la kulisikiliza na kulitii, yaani Yesu Kristo, na kwamba hakuna tukio, mamlaka wala nguvu nyingine inayoweza kuwa chemchemi ya mahubiri yake. Mwezi uliofuata kundi la Walutheri lilitoa tamko la kuwapinga, linalojulikana kwa jina la mji wa Ansbach. Miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo Werner Elert na Paul Althaus, walimu wa Erlangen. Walisema kuwa sheria ya Mungu hutukuta ndani ya jamaa, taifa na damu tuliyozaliwa nayo, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya kiongozi waliyepewa. Hawa hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa wataalamu wa Luther, na vitabu vyao vimo katika maktaba za vyuo vyetu.

Sisemi kwamba Gutmann ndiye aliyewafundisha, wala simtwishi dhambi zao. Lakini msamiati ni ule ule: vifungo, asili, damu, taifa, uumbaji. Kule Kidia maneno hayo yalimkinga mtu mdogo dhidi ya watu waliotaka kumtenga na wazazi wake. Huko Ansbach yaliitumikia serikali iliyokuwa imekwisha kuanza kuwafukuza Wayahudi katika kazi zao, na ambayo baadaye iliwaua kwa mamilioni. Ikiwa fundisho moja linaweza kufanya kazi mbili zilizo tofauti kiasi hicho, basi kosa halikuwa katika nia za wasemaji tu; fundisho lenyewe lilikuwa na ufa. Kwetu Walutheri ni jambo la kutia aibu kidogo kwamba mwandishi mkuu wa tamko la Barmen, Karl Barth, hakuwa Mlutheri.

Ufa wenyewe ni upi? Kwa maoni yangu ni huu: Gutmann alijua vizuri kwamba dhambi humharibu mtu, lakini aliamini kwamba vifungo vyenyewe viko salama, kana kwamba dhambi hukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja mmoja na kuupita ukoo pembeni. Lakini Biblia inapoeleza mauaji ya kwanza (Mwanzo 4) hayakutendwa na mtu asiyejulikana aliyetoka mbali. Yalitendwa na ndugu wa tumbo moja, shambani, baada ya ibada.

Ndipo tunarudi kwa mwanafunzi wangu na mama aliyevuka Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa wa mahema ya plastiki. Shirika la TCRS, ambalo makanisa ya Kilutheri yamekuwa yakilitumia kuwahudumia wakimbizi nchini mwetu tangu mwaka 1964, lilikuwako huko. Wengi wa waliovuka walikuwa wakikimbia vita. Walikuwamo wenye mikono ya damu, na walikuwamo waliofiwa na wenzi wao. Nyuma yao walikuwa wamelala watu mamia ya maelfu, waliouawa kwa mapanga na marungu katika vilima vyao wenyewe, wengine katika makanisa walimokimbilia, kama vile Nyamata, Ntarama na Nyarubuye. Kanisa la Kilutheri halikuwako Rwanda wakati huo. Lilianzishwa baadaye na watu waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Nalisema hili ili tusijipongeze. Mikono yetu ilikuwa safi kwa sababu hatukuwapo.

Jambo linalonikosesha usingizi katika historia hiyo ni neno moja. Wapangaji wa mauaji waliyaita "kazi". Waliwaita watu kama walivyozoea kuwaita kwenye umuganda, yaani ule utaratibu wa kazi za pamoja, ambapo kila nyumba hutoa mtu aje na panga au jembe kusafisha barabara na kulima matuta. Umuganda ni ndugu wa msaragambo wetu. Asiyetokea alitiliwa shaka, akatozwa, akatishwa. Viongozi wa mitaa walijua nani amekuja na nani hakuja, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kujua. Kila kitu ambacho mimi nilikisifu darasani, kule kufahamiana, kule kuitikia mwito, ile aibu ya kubaki nyumbani wakati wenzako wametoka, vilikuwapo, vikafanya kazi barabara. Ujirani haukuvunjika ndipo watu wakauana. Kwa sehemu kubwa watu waliuana kwa kuutumia.

Niseme basi kwamba ujirani si zawadi? Nilijaribu kwa muda kusema hivyo, nikaona sikuweza. Katika nchi ile ile, kijijini huko Ruhango, alikuwako mwanamke mzee, mganga wa kienyeji, jina lake Zura Karuhimbi. Aliwaficha watu wanaosemekana kuzidi 100 katika kibanda chake na shambani, na wauaji walipokuja aliwatisha kwa mizimu na dawa zake, wakaogopa kuingia. Alifariki mwaka 2018. Hakuwa na mafundisho ya kipaimara, wala silaha, wala serikali upande wake. Alikuwa na sifa yake ya uchawi tu, ambayo mahubiri yetu mengi yangemtaka aikane, naye akaifanya ukuta. Wauaji walimjua, naye aliwajua; huo nao ulikuwa ujirani. Mahali pengine watu waliokolewa na jirani aliyeacha mlango wazi usiku. Maji ya mfongo hunywesha mgomba, na maji yale yale, ukingo ukitoboka usiku, hubomoa nyumba iliyo chini yake. Anayejenga juu ya mfongo hajengi juu ya maji tu, bali na juu ya mtu anayetembea kandokando yake na taa.

Katika Luka 10 mwanasheria anamwuliza Yesu jirani yake ni nani. Ni swali la mpaka: nionyeshe wanaishia wapi, ili nijue wajibu wangu unaishia wapi. Yesu hamjibu hilo. Anapomaliza kusimulia habari ya Msamaria anamwuliza ni yupi aliyekuwa jirani kwa yule aliyejeruhiwa. Ujirani wa Gutmann mtu anaukuta alipozaliwa. Ujirani wa Luka 10 mtu anaufanya njiani, tena na mtu ambaye ukoo wake umefundishwa kumchukia. Kwa miaka mingi nimehubiri hivyo, nikiweka ujirani wa pili juu ya ule wa kwanza. Lakini hivi karibuni nimemtazama zaidi mtu ambaye wahubiri humsahau, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakukaa na majeruhi. Alimwacha kwa mtu mwingine, akalipa, akaahidi kurudi kulipa zaidi, na mwenye nyumba akamwamini. Bila desturi ile ya kawaida ya kupokea wageni na kuaminiana katika malipo, huruma ya Msamaria ingeishia barabarani. Ujirani wa kufanya unahitaji ujirani wa kukuta. Ila wa kukuta hauwezi kujihukumu wenyewe. Lazima atokee mtu kutoka njiani na kuuambia ni nani amelala nje.

Nani atausema ukweli huo, na lini? Dietrich Bonhoeffer, mwishoni mwa mwaka 1942, aliwaandikia wenzake wachache katika upinzani dhidi ya Hitler tafakari juu ya miaka kumi waliyopitia. Humo anazungumzia upumbavu, na anadai kuwa si upungufu wa akili bali ni kasoro ya utu: watu wenye akili nzuri huwa wapumbavu wanapomezwa na nguvu kubwa ya pamoja, wakaacha kufikiri wenyewe, na ukizungumza nao unasikia kaulimbiu badala ya mtu. Yeye mwenyewe alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Huwa nawaza kwamba kurasa hizo chache zingewekwa ndani ya majuzuu ya Gutmann, si badala yake. Wazee waliowafundisha vijana wa Kichagga waliwafundisha kusimama pamoja, na mafundisho hayo yana hekima nyingi. Bonhoeffer anauliza kijana afanye nini siku ambayo wote wamesimama pamoja mahali pabaya. Hilo ni somo gumu kulitia katika mtaala wa kipaimara. Nimewahi kulijaribu katika usharika mmoja, na mzee wa kanisa akaniambia kwa upole kwamba watoto wakifundishwa kukataa, wataanza na sadaka.

Kiangazi kilichopita nilikwenda nyumbani. Mfongo wetu ni miongoni mwa ile michache iliyobaki, na kulikuwa na kikao chini ya mti, kama zamani, ila sasa mwito hupita kwenye simu. Shauri lilikuwa moja. Mwalimu mstaafu, mtu wa kutoka Singida na Mwislamu, amenunua kiwanja katika kihamba kilichogawanywa, akapanda mboga, akaomba zamu ya maji. Wazee wawili walipinga. Walisema kwa heshima tu, wala si kwa chuki, kwamba mfongo ulichimbwa na babu zetu, na kwamba ukimpa mmoja utawapa wote. Kijana mmoja akauliza ni nani hapo aliyeshika jembe pamoja na babu hao. Pakawa na kelele. Mtu akasema kwamba mwalimu huyo alitoka mara tatu kwenye msaragambo, tena bila kuitwa, na kwamba baadhi ya wajukuu wa wachimbaji wako Dar es Salaam na hawajaonekana tangu mazishi ya mwisho. Niliombwa niseme neno kwa kuwa mimi ni mchungaji. Nilisema kidogo, wala sidhani kwamba maneno yangu ndiyo yaliyoamua jambo.

Jua lilipokuwa likishuka walikubaliana. Mwalimu yule alipewa Alhamisi, saa sita za usiku, zamu ambayo kwa kweli hakuna aliyekuwa akiitaka. Alishukuru, akaandika katika kidaftari chake, kisha akauliza ni nani mwenye zamu inayotangulia yake, ili ajue mlango wa kugonga maji yakichelewa.